Sinia la Katikati

Walimwita Shubiri, naye hakukataa. Jina alilopewa na baba yake lilikuwa limebaki midomoni mwa watu wachache, wengi wao marehemu, na mtu wa mwisho aliyelitamka kila siku alikuwa amehamia mtaa wa pili kwa mwanamke mwingine, yeye na redio zake zote. Wanawake wa ghalani wakampa jina jipya kabla hata hajamaliza kulia. Walisema ukimwamkia asubuhi, chai inakuchachukia tumboni. Shubiri alisikia, akaendelea na kazi. Aliona jina limemkaa vizuri kuliko lile la kwanza.

Ghala lilikuwa la maharage. Malori yalishusha magunia mlango wa nyuma, mengine yakapakia mlango wa mbele, na kati ya milango hiyo miwili wanawake walikaa sakafuni, miguu wameinyoosha, kila mmoja na sinia la bati mapajani. Unachota maharage, unayatandaza, unatoa mawe na yaliyobunguliwa, unaligonga sinia kwa kiganja mara mbili ili vumbi lishuke, unamimina kwenye gunia, unachota tena. Mtu yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja. Shubiri alikuwa ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Alikaa katikati ya ghala, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, na nguzo ilikuwa imepata doa jeusi la mafuta pale kichwa chake kilipofika.

Sasa magoti yalikuwa yamegoma. Kukaa chini alikaa siku nyingine hata bila msaada, kwa sababu kuanguka hakuhitaji ufundi. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kesi. Jioni, wenzake wakishakung'uta nguo na kuondoka, yeye alibaki ameikumbatia nguzo kama mtu anayeagana nayo, mpaka Mama Pacha arudi kumkamata kwapani. Mama Pacha ndiye aliyekaa mkono wake wa kulia: mnene, mcheshi, mwenye watoto mapacha ambao hakuna aliyewahi kuwaona wametulia.

"Haya, bibi harusi, simama," alikuwa akimwambia. "Bwana harusi amechoka kusubiri."

"Bwana harusi anajua njia. Ameshaipita mara nyingi."

Muuguzi wa zahanati alimbonyeza magoti, akamwambia aache kukaa sakafuni. Shubiri akamuuliza kama aache na kula pia. Muuguzi akaita mgonjwa anayefuata.

Ukiacha cha meneja, ghala zima lilikuwa na kiti kimoja. Kilikuwa cha mbao, kirefu, kando ya mlango wa mbele, na alikikalia msimamizi wa wanawake. Wachambuaji walikaa chini. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakae chini. Kila aliyeajiriwa aliwakuta wenzake wako sakafuni, naye akatafuta nafasi sakafuni, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yote. Msimamizi wa zamani alipozeeka na kwenda kuishi kwa mwanawe, kiti kikabaki wazi, na Shubiri akaanza kukitazama kama watu wengine wanavyotazama nyumba ya ghorofa.

Cheo hakukitaka. Kuwapigia watu kelele kunachosha koo, na wala watu hawabadiliki. Alitaka kukaa, basi. Akikosa mahali pa kukaa, magoti yangemtoa ghalani kabla mwaka haujaisha, na nje ya ghala hakuwa na kazi nyingine, wala mume, wala mtu wa kumwambia leo sijapika.

Siku meneja alipomwita ofisini, alivaa kitambaa chake kisafi cha kichwani. Ofisi ilikuwa kibanda cha vioo kwenye kona ya ghala. Meneja alikuwa kijana wa tai, mpole, wa kuongea kama mtu anayepeleka habari za msiba kwa jirani. Yeye alikuwa amekaa. Shubiri hakuambiwa akae.

"Mama," alisema, "wewe ni mchapakazi. Hilo halina ubishi."

Shubiri akajua kwamba amekikosa kiti. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtu aliyesifiwa hivyo halafu akapewa kitu.

"Ila usimamizi unataka mtu ambaye watu wanamfuata," meneja akaendelea. "Na wewe, tusidanganyane, mama yangu, watu hawakufuati. Wanakuogopa kidogo."

"Kidogo?"

"Wanakuogopa sana."

"Wanamfuata nani?"

Meneja akaipanga kalamu yake sawasawa na ukingo wa meza. "Tumemchagua Kidosho."

Hapa inabidi Kidosho aelezwe. Alipofika mtaani kwao alikuwa msichana mwembamba aliyepanga chumba cha uani, hana kazi wala sufuria. Shubiri ndiye aliyemwonea huruma. Akamleta ghalani, akamwombea nafasi, akamkalisha nyuma yake na kumwambia: fumba macho, sikiliza sinia langu, likigonga nawe gonga. Kwa siku chache mikono ya msichana ikajua kazi. Jioni alikula kwa Shubiri. Alikuwa na redio ndogo iliyokufa, na mume wa Shubiri alikuwa fundi wa redio. Akajitolea kuitengeneza. Redio ile ilikaa kwa fundi muda mrefu kuliko redio nyingine zote mjini, na ilihitaji mwenyewe awepo wakati inatengenezwa. Ilipopona, fundi aliibeba mwenyewe kuirudisha, na hakurudi.

Tangu hapo Kidosho alikuwa akichambua maharage kwenye safu ya mwisho karibu na mlango wa nyuma, na Shubiri katikati, na baina yao kulikuwa na mgongo wa Shubiri.

"Sawa," Shubiri alimwambia meneja. Akatoka, akaenda kwenye nguzo yake, akashushwa chini na Mama Pacha na mwanamke mwingine kama yanavyoshushwa makabati.

"Vipi, shoga?" Mama Pacha akauliza. "Tukupigie saluti?"

"Mpigie Kidosho."

Mama Pacha akafungua mdomo, akaufunga. Kwa Mama Pacha hilo lilikuwa jambo kubwa.

Shubiri akachota. Hasira yake haikuwa na pa kwenda, ikaenda mikononi. Alitandaza kama anafuta meza ya adui, akagonga sinia kama anabisha hodi kwa mdeni, akamimina, akachota. Alifanya hivyo mpaka jioni, na kesho yake, na wiki ile yote. Hakumtazama mtu. Kidosho alikuwa amekaa juu ya kiti kando ya mlango, miguu ameikunja vizuri, na Shubiri kila alipomwona kwa pembe ya jicho sinia liliongeza mwendo.

Mwisho wa wiki magunia yaliyochambuliwa yalifika mpaka kwenye dirisha. Hayakuwahi kufika hapo. Meneja akatoka kwenye kibanda chake, akayatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Mnaona," aliwaambia wote. "Mnaona uongozi unavyobadilisha mambo. Tangu Kidosho ashike usukani, hata mimi sijui niseme nini. Hongera sana, Kidosho."

Wanawake wakapiga makofi. Kidosho akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wiki iliyofuata akanunuliwa aproni mpya yenye mfuko kifuani, akatia mkono mfukoni humo siku nzima ingawa hakukuwa na kitu.

Shubiri alilala na jambo lile kama mtu aliyelala na punje ya mchele sikioni. Alimjua Kidosho. Kidosho hakuwa akifanya kitu juu ya kile kiti isipokuwa kukaa. Sasa magunia yale yalikuwa yanatoka wapi?

Jibu alilipata chooni. Choo cha ghala kilikuwa nje, kikitenganishwa na ghala kwa ukuta mwembamba, na mtu mwenye magoti mabovu hukaa chooni muda mrefu. Siku hiyo alipokuwa humo akagundua kwamba mlio wa masinia umeharibika. Alipotoka ghalani ulikuwa mlio mmoja mkubwa, kah-kah, kimya, kah-kah, kimya. Sasa kila mtu alikuwa na wake, huku kah, kule kah, kama watu wanaotafuta viatu gizani. Akasikiliza. Hakuamini. Akarudi, akashushwa, akachota, akagonga. Safu ya mbele ikashika, ya nyuma ikashika, ghala likawa na mlio mmoja tena. Hakuna aliyeinua macho. Mama Pacha alikuwa anasimulia habari za mapacha wake na mtungi wa jirani, na viganja vyake viligonga sinia sawia na vya Shubiri bila kukosea hata pigo moja, na mwenyewe hakuwa na habari.

Shubiri akajaribu. Akapunguza mwendo, ghala likapunguza. Akaongeza, likaongeza. Kisha akasimamisha mikono kabisa. Ukimya ulitembea kutoka kwenye nguzo mpaka kuta zote nne. Wanawake wakainua vichwa.

"Mbona tumesimama?" Mama Pacha akauliza.

"Mimi nimechoka. Ninyi sijui."

Usiseme alifurahi. Shubiri alikuwa ameacha kufurahi kama wengine wanavyoacha sukari, na hakuona sababu ya kuanza tena. Alichohisi ni kwamba ameibiwa mara ya pili na mtu yuleyule. Aproni ile yenye mfuko ilishonwa kwa jasho lake. Akawaza kwa muda wa gunia moja. Kisha akaanza kugonga taratibu.

Aligonga kama mtu anayemlaza mtoto. Akachota kidogo, akatandaza kwa uangalifu, akatazama kila harage kana kwamba anataka kuliposa. Ghala likawa kama chombo kilichoishiwa mafuta. Mazungumzo yakarefuka, miayo ikaanza safu ya pili na kufika ya mwisho, na jioni magunia hayakufika hata kwenye kiti cha Kidosho.

Meneja alilaumu maharage. Alisema yamekuja na unyevu. Kesho yake akalaumu joto, akafungua madirisha. Vumbi likaingia, akayafunga. Siku iliyofuata akalaumu chakula cha mchana kwamba kinawalemea, akapunguza muda wa kula, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Kidosho aliacha kukaa. Alizunguka kati ya safu akipiga makofi. "Haya jamani, changamkeni. Changamkeni, mama zangu." Alipopita, wanawake waliharakisha kwa adabu. Akishapita, mikono ilisikiliza nguzo.

Tatizo ni kwamba wachambuaji walilipwa kwa gunia. Shubiri hakuwa amelisahau hilo. Aliliweka tu mahali ambapo halitamsumbua. Lakini Mama Pacha alikaa karibu mno.

"Sijui nimelogwa," Mama Pacha alimwambia siku moja, bila mzaha, na Mama Pacha bila mzaha alikuwa mtu mwingine kabisa. "Mikono haitaki. Jana nimewaambia watoto wanywe maji walale, kesho tutakula vizuri. Wakaniambia hata juzi nilisema kesho."

"Si uongeze mwendo."

"Nani amenizuia? Naongeza. Nikistuka, nimerudi palepale."

Shubiri aliinamia sinia lake. Alitazama maharage. Yalikuwa mazuri, hayana hata unyevu.

Asubuhi iliyofuata, kabla kazi haijaanza, alikuwa kwenye bomba la nje akijaza kopo lake la maji. Kidosho akaja na ndoo, akasimama. Hawakuwa wamesemezana tangu mambo ya redio.

"Dada, habari za asubuhi."

"Dada yako nani?"

Kidosho akaanza upya. "Mama..."

"Mama yako nani?"

"Basi sina jina la kukuita."

"Unalo. Wote mnalitumia nikigeuka."

Kidosho akaweka ndoo chini ya bomba. "Ni wewe," akasema. "Wao hawajui, mimi najua. Uliponifundisha kazi uliniambia nifumbe macho nisikilize sinia lako. Mpaka leo likigonga taratibu nasinzia. Ghala zima linasinzia."

"Mngelala nyumbani mapema."

"Meneja amesafiri kwenda kuwaomba radhi wanunuzi. Amesema akirudi akikuta hali ni hii, ananirudisha chini."

"Sakafu haina kosa. Niko hapo miaka yote."

"Kama ni kwa ajili ya yule mwanamume..."

"Yupi?"

"Fundi."

"Hajambo?"

"Anakoroma."

"Najua."

"Na redio zimejaa mpaka kitandani. Nalala na spika mgongoni. Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa na haraka."

Kidosho akatazama maji yanavyojaa. Usoni alikuwa amechoka, na Shubiri aliona kwamba ule urembo uliompa jina ulikuwa umeanza kuhama kwa pembeni, chini ya macho. Aliliona hilo kwa makini, ili asije akalisahau.

"Kama unataka arudi," Kidosho alisema, "nitamwambia."

"Nani amekwambia nanunua mitumba? Kaa naye."

"Sasa unataka nini?"

"Kukaa."

"Kiti siwezi kukupa. Kiti ni cha kazi."

"Nimesema kiti chako? Nimesema kukaa."

Akanyoosha kidole. Kando ya ukuta kulikuwa na ndoo kuukuu ya rangi, ya plastiki nene, mpini umekatika, iliyokuwa ikitiwa mawe yaliyotolewa kwenye maharage. Kidosho akaitazama ndoo, akamtazama Shubiri, akaitazama tena.

"Haijawahi kutokea," akasema.

"Na wewe kukaa kwenye kile kiti kulikuwa kumetokea lini?"

"Watu watasema nakupendelea."

"Wewe, unipendelee mimi?"

Kidosho akalifikiri. Hata yeye aliona kwamba hakuna mtu mjini ambaye angelisema hilo. "Ndoo moja tu," akasema. "Na sinia lirudi kama zamani."

"Mimi sina habari za sinia. Mimi nikikaa vizuri nafanya kazi vizuri."

Basi Shubiri akayamwaga mawe ya ile ndoo, akaipindua karibu na nguzo, akakunja gunia tupu na kuliweka juu. Akakaa. Magoti yalibaki mbele yake, yamekunjwa nusu, yanatazama dunia. Akasimamisha gunia la maharage pembeni ili asiiname, akachota, akagonga. Kah-kah. Ghala likaamka. Kabla ya chakula cha mchana Mama Pacha alikuwa amecheka mara mbili.

"Shoga," alisema akitazama juu, "umekuwa mrefu ghafla. Nikikuongelesha naongea na goti."

"Goti linasikia."

Kesho yake Mama Pacha alikuja na kigoda cha jikoni. Alisema amechoka kukunja shingo. Kigoda kilipotea chini yake, ukadhani ameketi juu ya hewa, lakini alikuwa ameketi. Mwanamke wa nyuma yake, ambaye sasa alikuwa anatazama mgongo wa Mama Pacha na si kitu kingine, akaja na tofali. Wa pembeni yake akaja na kopo la samli lililojazwa mchanga. Hakuna aliyeomba ruhusa, kwa sababu kila mmoja aliona mwenzake tayari amekaa na akadhani ruhusa ilitolewa siku ambayo yeye hakusikia. Walikuja na ndoo, na makreti ya soda, na tairi dogo, na mmoja na sanduku la mbao lililoandikwa dawa. Mwishoni alibaki mmoja tu sakafuni, mwanamke mwembamba wa kona, mcha Mungu, ambaye hakupenda mambo mapya. Siku moja aliinua macho akajikuta peke yake huko chini, kama kitu kilichodondoka. Mchana akaomba apewe nusu ya kreti la jirani.

Kidosho aliyaona yote hayo kutoka mlangoni, na hakupata siku ya kuyakataza. Siku ya kwanza alikuwa mmoja, naye walikuwa wamepatana. Siku ya pili aliongezeka mmoja, na hugombi kwa ajili ya mmoja. Siku iliyofuata walikuwa nusu ya ghala, na nusu ya ghala huifukuzi. Alitafuta siku iliyokuwa katikati ya mmoja na nusu, hakuiona.

Meneja akarudi. Aliingia kwa mlango wa mbele na mkoba wake, akasimama. Kwanza alitazama paa, kwa sababu alihisi limeshuka. Kisha akatazama watu.

"Nini hiki?" akauliza kwa upole.

Masinia yakanyamaza.

"Nani ameanza?"

Wanawake wakatazamana. "Mimi nilimwona huyu," akasema wa safu ya mbele. "Na mimi nilimwona yule," akasema huyu. Swali likapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, likiwa jepesi kila lilipofika, mpaka likamfikia Mama Pacha.

"Bosi, mimi nilidhani ni utaratibu mpya," Mama Pacha akasema. "Nikasema moyoni, kweli huyu meneja anatujali."

Meneja akakohoa. "Utaratibu haujabadilika. Wateja wakija wakakuta mmekaa juu ya makopo, watasema hapa ni sokoni. Nawaomba wote mshuke chini."

Hakuna aliyeshuka. Isidhaniwe kwamba ulikuwa ushujaa. Walikuwa wanangoja kuona nani atatangulia. Mwanamke mwembamba wa kona aliinua makalio kiasi cha kiganja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajiona yuko peke yake angani, akayarudisha kwenye nusu ya kreti.

Meneja hakuwa mjinga. Aliona kwamba hahitaji wote, anahitaji mmoja. Akatafuta yule ambaye hana rafiki wa kumtetea, mtu mzima, asiyependa maneno, na macho yake yakaja moja kwa moja kwenye nguzo. Akatembea kati ya safu, akasimama mbele ya Shubiri.

"Mama yangu," akasema, "wewe ndiye mkubwa hapa. Naomba uwaonyeshe mfano. Shuka."

Ghala lote lilitazama ndoo ya rangi.

Shubiri aliitazama sakafu. Aliijua saruji ile kuliko alivyomjua mtu yeyote aliyewahi kulala naye chumba kimoja. Akishuka, wote watashuka, na hilo lisingemkosesha usingizi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hali alipokuwa chini. Lakini yeye akishuka hatapanda tena. Leo ataokotwa, kesho ataokotwa, siku moja Mama Pacha atakuwa na mgonjwa nyumbani, na meneja huyuhuyu atamwita kwenye kibanda cha vioo na kumwambia kwamba yeye ni mchapakazi.

"Nikishuka," aliuliza, "nani ataniinua?"

"Wenzako wapo."

"Wenzangu nawajua. Nakuuliza wewe."

Meneja akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile. "Mama, hili si suala la kuinuliwa. Ni suala la nidhamu ya kazi."

Kwenye nidhamu ya kazi Shubiri hakuwa na ubishi. Akachota maharage, akayatandaza. Akatoa jiwe moja, akalitupa kwenye kopo la mawe. Akaligonga sinia mara mbili.

Mama Pacha akagonga. Safu ya mbele ikagonga, ya nyuma ikagonga, na mwanamke wa kona, kwa nafuu kubwa ya mtu aliyerudishiwa kazi ya kufanya, akagonga kwa nguvu kuliko wote. Meneja alikuwa bado anaongea. Mdomo wake ulikwenda, mkono wake ulikwenda, lakini ghala lilikuwa limejaa mlio wa bati na maneno yake hayakupata pa kupenya. Akageuka kumtazama msimamizi wake. Kidosho alikuwa amesimama kando ya kiti, mkono mfukoni mwa aproni, uso hauna upande. Alimtazama meneja, akaitazama nguzo. Kisha akatoa mkono mfukoni, akashika pembe ya gunia lililojaa na kuanza kuliburuta kuelekea kwenye mizani, kama mtu ambaye hana muda wa kusimama.

Nje dereva wa lori akapiga honi. Meneja alisimama kidogo tena, ili ionekane kwamba anaondoka kwa hiari, kisha akaenda kufungua mlango wa mbele.

Hakulitaja tena jambo lile. Magunia yalikuwa yamerudi dirishani, wanunuzi wakapokea radhi, na baada ya muda akaanza kuwaambia wageni kwamba ofisi yake imeboresha mazingira ya akina mama. Ili maneno hayo yawe na kitu cha kuonyesha, akaagiza viti vidogo vya plastiki, vyote vya bluu. Siku vilipogawiwa alitoa hotuba. Kidosho akashukuru kwa niaba ya wote, kwa maneno mazuri, kwani ndicho alichochaguliwa kwacho. Mama Pacha akaanza kupiga makofi na wengine wakampokea. Shubiri hakupiga, alisema mikono ina vumbi. Hakuna aliyemshukuru yeye, na hakuna aliyekuwa na sababu, maana kila mwanamke pale aliamini kwamba alikaa kwa akili yake mwenyewe.

Alikijaribu kile kiti cha bluu siku moja nzima. Kilikuwa na mgongo wa kuegemea, na huo mgongo uligombana na nguzo. Asubuhi iliyofuata akakisukuma pembeni, akaipindua ndoo yake ya rangi, akaweka gunia lake juu, akakaa, akaanza kazi.

Kesho yake Mama Pacha alirudi na kigoda. Wiki ilipokwisha, viti vyote vya bluu vilikuwa vimepangwa ukutani, kimoja juu ya kingine, na meneja alikuwa anazunguka kati ya ndoo na matofali akimwuliza kila mtu, kwa upole, vilikuwa na kasoro gani. Wanawake walitazamana. Walitamani kumsaidia, lakini hakuna aliyeweza kumtajia hata moja.